Mjeledi Mkononi mwa Adili

Katika madarasa mengi ya fasihi wahusika hugawanywa mafungu mawili: wema huku, waovu kule. Mwanafunzi hukariri sifa za kila mmoja, akaziandika kwenye mtihani, akapata alama zake. Mgawanyo huo unadumaza uhakiki, na ushahidi umo katika kitabu kilekile ambacho wengi hukitaja kama mfano wa kuutetea: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952.

Ukitazama majina tu, utadhani kesi imekwisha. Adili ni mwadilifu, nduguze ni Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Lakini Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapokuwa mgeni wa Adili huko Janibu, anashuhudia jambo la kutisha. Usiku, watu wamelala, mwenyeji wake anawaendea manyani wawili waliofungwa, anawacharaza mjeledi, kisha anawalisha huku akilia. Manyani hao ndio nduguze. Jini Huria aliwageuza, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Wahakiki wengi humwita Adili mhusika bapa. Mimi sikubali. Mtu anayepiga huku akilia, na machozi yake yasimzuie kupiga tena kesho yake, ana vita moyoni. Ni kweli ameamriwa, lakini mkono unaoshika mjeledi ni wake. Hasidi na Mwivu nao, pamoja na majina waliyobandikwa, mwishowe wanarudishiwa umbo la binadamu. Shaaban Robert asingewarudisha kama angeamini kwamba hawana chembe ya wema.

Miaka 19 baadaye, katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi hana jini wa kumsingizia. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga vibaya binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Yeye anaamini anamlinda. Hapo ndipo penye ugumu, kwa maana ulinzi na ukatili vimo katika pigo lilelile, wala huwezi kuondoa kimoja ukabakiza kingine. Naye Rosa, aliyelelewa kwa hofu badala ya mazungumzo, anapofika mbali na macho ya baba anapotoka. Tunamlaumu na kumhurumia kwa wakati mmoja. Kezilahabi hakutupa mtu mmoja wa kutwishwa lawama zote, na naamini hilo lilichangia kuwasumbua wakubwa, hata riwaya ikapigwa marufuku shuleni kwa muda.

Walimu wenzangu, swali la "taja sifa nne za Adili" halimfikirishi mtoto. Muulizeni kwa nini Adili alilia, na kwa nini aliendelea kupiga. Mpeni nafasi ya kubishana na wenzake, na msimkate alama akisema kwamba Adili alikosea.