Kabla ya kumpeleka mtoto chuo cha Njombe

Wazazi wa Unguja na Pemba wametuuliza juu ya kuwapeleka watoto vyuo vya Njombe na Makambako. Asili yake inajuzu; elimu ya manufaa hufuatwa ilipo. Tunachohofia ni ada kulipwa kabla ya kuuliza. Chuo cha kati kitazameni kwenye orodha ya NACTVET, chuo kikuu kwa TCU. Wala msitosheke na jina la chuo, tazameni kozi yenyewe: chuo chaweza kuwa kimesajiliwa, na kozi anayoitaka mwanenu haimo. Hapo cheti hakitamfaa, na pesa za karafuu zimeshakwenda.

Kisha ulizeni kama msikiti uko karibu, kama nyama ya dahalia ni halali, na kama binti ataachiwa stara yake hata kwenye mafunzo ya hospitali. Jibu liwe la maandishi.

Na baridi msiidharau. Mwezi wa Juni na Julai, huko juu Kitulo umande huganda majanini. Anayevaa khufu akiwa na udhu, naye si msafiri, hupangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake.

Wallahu a'lam.