Bima Kilombero: Fedha ya mpunga inunue kinga ipi kwanza?

JUNI na Julai ndiyo miezi ambayo fedha huonekana Ifakara. Mpunga hutoka Mngeta, Chita na Idete, mwingine huvuka mto kutoka Lupiro na Malinyi, mashine za kukoboa hazizimwi na wanunuzi wa Dar es Salaam hujaza nyumba za wageni. Ni katika miezi hiyo hiyo mawakala wa bima nao huonekana, mkoba begani, wakipita duka kwa duka. Ifikapo Januari na Februari, mpunga ukiwa bado majani shambani na ghala likiwa tupu, fedha haionekani wala wakala haonekani.

Tatizo la kwanza la bima katika bonde la Kilombero liko hapo. Mikataba mingi ya bima ya maisha imepangwa kwa mtu wa mshahara, ambaye ada yake hukatwa kila mwisho wa mwezi. Mkulima na mnunuzi wa mpunga hawana mwisho wa mwezi. Wana msimu. Anayeanza kulipa Julai hufika Desemba ameishiwa, muda wa nyongeza unapita, mkataba unakatika. Kwa kuwa bima za akiba kwa kawaida hazina thamani ya kukomboa katika miaka ya mwanzo, fedha aliyokwisha kulipa hairudi. Ameiachia kampuni bure.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala lisiwe "nitalipwa kiasi gani?" bali "je, naweza kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja baada ya mavuno?" Kampuni nyingi hukubali, na mara nyingine ada ya mkupuo huwa nafuu kuliko jumla ya miezi 12. Mawakala wengi hawalitaji jambo hilo mpaka waulizwe.

Wazee wa bonde hili wana sababu yao ya kuikwepa bima. Shirika la Bima la Taifa, NIC, liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likabaki peke yake sokoni hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Katika miaka hiyo wafanyakazi wengi walikata bima za akiba za miaka 20. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban Sh 8. Mwaka 1998 ilikuwa imepita Sh 650. Mtu aliyejiwekea bima ya Sh 20,000 mwaka 1978 alikuwa amejiahidi takriban dola 2,500. Ilipoiva mwaka 1998, Sh 20,000 zilikuwa na thamani ya dola 30 hivi, na bonasi haikuweza kuziba pengo la namna hiyo.

Hakuna aliyemwibia. Mfumuko wa bei ulimla polepole, mkataba ukiwa umefungiwa kabatini. Hali ya bei siku hizi si ile ya miaka ya 1980, lakini fundisho linabaki kwa mwekezaji mdogo: mkataba wa shilingi wa miaka 15 au 20, unaochanganya bima na akiba, upimwe kama uwekezaji mwingine wowote. Ulinganishwe na hati fungani za serikali, na hisa za SACCOS, na ekari moja ya ziada kule Mlimba. Mara nyingi ni busara kununua bima peke yake na kuweka akiba mahali pengine.

Bima peke yake maana yake nini? Kwa familia ya kawaida ya Ifakara, ianzie kwenye afya.

Ugonjwa ndio unaokuja mara nyingi zaidi, na ndio unaouza shamba. Wakati wa kilimo familia nyingi huhama mjini au kijijini na kukaa mashambani, kwenye vibanda vya muda, karibu na mbu na mbali na zahanati. Mgonjwa hufikishwa hospitalini akiwa amezidiwa, na mpunga huuzwa ukiwa bado haujavunwa, kwa bei ya mnunuzi. Gharama halisi ya kutokuwa na bima ni tofauti kati ya bei hiyo na bei ambayo gunia lingefikia kama lingesubiri. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni anajua tofauti hiyo, maana mara nyingine yeye ndiye mnunuzi.

Wenyeji wa bonde hili si wageni wa kununua kinga kwa fedha taslimu. Mwaka 1997 mradi wa KINET, uliosimamiwa na watafiti wa kituo cha Ifakara, ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa madukani kwa jina la Zuia Mbu, na watu wakanunua. Kadi ya afya ni bidhaa ya aina hiyo hiyo: inalipiwa kabla ya homa.

Kadi zilizokuwepo zimekuwa na sura nyingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, ulianza na watumishi wa serikali. Mwalimu wa Mang'ula huchangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri asilimia 3, naye hutibiwa pamoja na mwenzi na wategemezi wanne. Kwa mkulima kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ambao ulipoboreshwa mwaka 2018 ulitoza kaya ya watu wasiozidi sita Sh 30,000 kwa mwaka, kwa matibabu ya kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa kufuata rufaa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Kabla ya kulipa, kaya iulize zahanati yake mambo matatu: kiwango kinachotozwa sasa, orodha ya huduma, na kama kadi inapokelewa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, maana ndiko wagonjwa wengi wa bonde huishia.

Kosa kubwa ni kusubiri mtu augue ndipo kadi itafutwe. Toto Afya Kadi ya NHIF ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei nafuu mno. Wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuwa wagonjwa tu, wazima wakaachwa nyumbani. Mfuko ukaelemewa, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa na kuelekezwa kwenye makundi kupitia shule. Kila aliyedhani ameicheza bima alichangia kuipoteza.

Baada ya afya ni kifo cha mwenye kuleta chakula. Hapa hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mfanyabiashara wa mpunga ana mke na watoto wanne, mdogo akiwa na miaka 5. Nyumba hutumia Sh 300,000 kwa mwezi, yaani Sh milioni 3.6 kwa mwaka. Akifariki, shamba likikodishwa litaleta Sh milioni 1.6 kwa mwaka. Upungufu ni Sh milioni 2 kila mwaka, na mtoto mdogo atafikisha miaka 18 baada ya miaka 13. Familia inahitaji Sh milioni 26 kwa bei za leo, na ni vema kuongeza kidogo kwa ajili ya kupanda kwa bei. Kiasi hicho ndicho cha kuombea bei, na kwa bima ya muda, ile isiyorudisha kitu muda ukiisha salama. Watu huichukia kwa sababu hiyo hiyo, wakati ndiyo yenye ada ndogo kuliko zote kwa kinga ya kiasi hicho. Bima ya akiba ya Sh milioni 3, ambayo mawakala hupenda kuiuza, ingemlisha mjane huyo kwa mwaka mmoja na nusu.

Mwenye mkopo asome karatasi zake tena. Benki nyingi na baadhi ya SACCOS hukata bima ya mkopo papo hapo fedha inapotolewa, na mkopaji huona tu kwamba amepokea pungufu. Bima hiyo ina faida: mkopaji akifa, deni hulipwa na nyumba iliyowekwa dhamana haipigwi mnada. Lakini anayelipwa ni benki. Familia haipati senti, na mkopo ukimalizika bima nayo imekwisha. Wapo wanaotembea wakiamini wana bima ya maisha kumbe waliyonayo ni ya deni lao. Kinyume chake nacho hutokea: mjane analipa mkopo wa marehemu miezi mingi bila kujua kwamba bima ilipaswa kuufuta. Siku ya msiba, barua ya kwanza baada ya cheti cha kifo iende kwa mkopeshaji.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Barabarani sheria inamlazimisha kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile wanayoiita bima ndogo, naye huamini stika hiyo inamkinga. Inawakinga wale atakaowagonga. Mguu wake mwenyewe haumo, na hata bima kubwa kimsingi hutengeneza pikipiki, si dereva. Kinachomhusu ni bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa kwa kifo na kwa kiungo kilichopotea, na ada yake kwa kawaida ni ndogo. Kwa kijana ambaye hajaoa wala hana mtoto, hiyo pamoja na kadi ya afya zinatosha. Bima ya maisha isubiri ndoa au mtoto wa kwanza.

Kidatu nako kuna mstari unaowagawa majirani. Mwajiriwa wa kiwanda cha sukari, akianguka kazini, yuko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza 2015, na michango yake ya NSSF inaweza kuwapa warithi pensheni akitimiza masharti. Mkulima wa nje anayekiuzia kiwanda hicho hicho miwa hana hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa ajiunge NSSF mwenyewe kama mwanachama wa sekta isiyo rasmi. Mwajiriwa akikutana na wakala aanze kwa kutoa alichonacho tayari, anunue tofauti tu. Mkulima wa nje anaanzia sifuri.

Kuhusu mazishi, vyama vya kuzikana bado vinashinda kampuni. Hulipa siku ile ile, havidai fomu, na vinaleta watu na sufuria. Udhaifu wake huonekana misiba inapokuja mingi kwa pamoja, au mafuriko yanapowakuta wanachama wote mtaa mmoja. Chama chenye watu 30 wa Lumemo hakiwezi kumfidia kila mmoja wao siku moja. Kwa janga la namna hiyo mfuko mkubwa zaidi unahitajika. Baada ya maji ya 2024, mwenye nyumba au ghala Ifakara aombe kifungu cha mafuriko kiandikwe waziwazi kwenye bima yake ya moto, kwani hakiingii chenyewe.

Wapo wasiotaka bima ya kawaida kwa sababu ya riba. Kwa hao Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ilitoa miongozo ya takafuli mwaka 2022.

Linabaki jina la mnufaika, sehemu fupi ya fomu inayoleta kesi ndefu. Mtu alikata bima akiwa kijana, akamwandika kaka yake. Ameoa, ana watoto, fomu iko vilevile. Au ameandika "mke" bila jina, naye ana wake wawili, mmoja Ifakara na mwingine Mlimba. Kampuni haitachagua. Itasubiri Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi wa mirathi, na watoto watasubiri pamoja nayo. Fomu ibadilishwe kila ndoa, kila talaka na kila mtoto anapozaliwa, kwa majina kamili na mgawanyo wa asilimia.

Fomu hiyo hiyo huuliza magonjwa. Anayeficha kisukari au shinikizo la damu ili apate ada ndogo huipa kampuni sababu ya kukataa madai siku ambayo yeye hayupo kujieleza. Wakala akisema "usiandike hilo", mteja atafute mwingine.

Malipo yafanywe kwa kampuni yenyewe, si kwenye simu ya wakala, kwa sababu bila ada kufika hakuna bima. Leseni ya kampuni na ya wakala huthibitishwa TIRA, na madai yakikataliwa bila sababu ya kuridhisha, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa mujibu wa sheria ya 2009. Familia inapohamia shambani mwezi Desemba, kadi za afya ziende nayo. Nakala ya mkataba ibaki mjini kwa mtu anayeaminika, na mke ajue jina la kampuni.