Mpanda miti, usitegemee fundo

Kijana akipanda mwembe kukata matawi kwa mkanda wa kiunoni, kamba fupi ya mbele, baina ya pete mbili, ndiyo inayobeba mwili mzima. Mimi naona isifungwe fundo. Fundo huikunja kamba ghafla, ikapoteza nguvu, pengine hata nusu. Ncha iliyosukwa kurudi ndani hupoteza kidogo tu. Mabaharia wa majahazi wanalijua hilo.

Fumua nyuzi tatu za ncha, piga kitanzi kwenye pete, kisha pitisha kila uzi juu ya mmoja na chini ya unaofuata, kinyume cha msokoto. Nailoni huteleza, hivyo rudia mara tano au zaidi. Mkonge uwachie mizigo. Huoza ndani bila kuonekana. Halafu ifunge chini kabisa, uikalie kwa uzito wote kabla ya kupanda.