Shamba la Karagwe lililohamia Hoima

Mwezi wa nane mwaka jana nilipigiwa simu na katibu wa Amcos moja huku kwetu Karagwe. Sauti ilikuwa imemkauka. "Bwana shamba, mnunuzi amerudisha orodha. Anasema kahawa yetu imetoka Uganda." Ukiishi mpakani kama sisi, maneno hayo si ya kuchekea. Kahawa na Uganda kwenye sentensi moja maana yake magendo, na magendo maana yake polisi. Nikawasha pikipiki.

Nilipofungua faili kwenye kompyuta yao, kosa nililiona ndani ya dakika mbili. Kagera iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ya pointi ya GPS lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Kijana aliyeingiza data aliiacha. Shamba lililoko nyuzi 1.5 kusini likasomeka nyuzi 1.5 kaskazini, na vibanja 41 vya migomba na kahawa vikavuka ikweta vikatua upande wa Hoima. Kijana huyo nilimfundisha mimi mwenyewe, tena nilimwambia asihangaike na vialama vidogo vidogo. Mzigo ulilala ghalani siku tisa, na wenye kahawa wakasubiri hela yao siku tisa.

Naisimulia aibu hii kwa sababu maswali mengi mnayonipigia simu yanahusu jambo hilohilo: hii sheria ya Ulaya ni kitu gani, inatugharimu shilingi ngapi, na je, kweli inaokoa msitu?

Sheria yenyewe wengi mnaijua kwa jina la EUDR. Umoja wa Ulaya uliipitisha mwaka 2023. Inahusu bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vinavyotengenezwa kutokana na hizo. Ukitaka kahawa iingie Ulaya, lazima ionekane haikulimwa kwenye ardhi iliyokuwa msitu na ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi yako. Kila shamba lioneshwe lilipo. Likiwa chini ya hekta 4, yaani karibu ekari 10, pointi moja inatosha. Likizidi hapo unazunguka mpaka mzima. Namba ziwe na tarakimu sita baada ya nukta, na hatua moja ya tarakimu ya mwisho ni sawa na sentimita kumi na kitu tu ardhini. Anayekamatwa si wewe, ni kampuni inayoingiza mzigo kule, na faini yake ya juu haitakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Ulaya. Ndiyo maana mnunuzi anakuwa mkali hivyo. Hofu ni yake, usumbufu anaushusha kwako.

Mikataba ya tabianchi ya zamani, toka Kyoto 1997 mpaka Paris 2015, ilikuwa ya nchi kuahidi kupunguza hewa ukaa. Mkulima wa Karagwe hakuwahi kuiona ikiingia kibanjani kwake. Hii ya Ulaya haiombi ahadi ya mtu, inafunga mlango wa soko, na sera ya aina hiyo ndiyo inayokufikia na bili mkononi.

Sasa bili yenyewe. Kwenye daftari langu nina siku moja tuliyopima mashamba 18. Petroli, bando, posho ya vijana wawili na chakula cha mchana, jumla 54,000. Gawanya, ni shilingi 3,000 kwa shamba. Kwa mtu anayeuza magunia matano ya maganda, hiyo si hela ya kumuangusha, tena inatoka mara moja tu kama kazi imefanywa sawasawa. Kwa hiyo anayekwambia GPS itaua kahawa ya mkulima mdogo, muulize amepigaje hesabu.

Gharama kubwa iko kwingine, na watu hawaiandiki popote. Amcos ninayoisema ilipimwa mara tatu. Mnunuzi wa kwanza alikuja na vijana wake na programu yake ya simu, akaondoka na data. Wa pili akaja msimu uliofuata, akaambiwa tumeshapimwa, akauliza data iko wapi. Hakuna aliyejua. Wakapima upya. Wa tatu hivyohivyo. Mkulima yuleyule aliacha kazi zake siku tatu kuwaonesha wageni watatu kibanja kilekile, na mpaka leo hana hata kikaratasi chenye namba za shamba lake. Namba zake zina thamani, maana bila hizo kontena haliondoki, lakini ziko kwenye kompyuta za watu wengine.

Halafu kuna ghala. Sheria hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na ile isiyojulikana. Kontena moja hubeba karibu tani 19 za kahawa safi. Kama kila mwanachama anatoa kilo 300 safi, hapo una watu zaidi ya 60 kwenye kontena moja, na pointi za wote lazima ziwemo. Mmoja akiingiza gunia alilonunua kwa butura kwa jirani ambaye hakupimwa, ameweka wenzake wote rehani. Amcos zenye ghala moja na karani mmoja zinapataje sehemu ya kutenganisha? Zinajenga ukuta wa mbao, zinaajiri mtu, na makato yanaongezeka.

Na tarehe je? Ilikuwa ianze 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Desemba 2025 wakaisogeza tena, sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa ndogo. Kampuni za Ulaya zililalamika hazijajiandaa, zikasikilizwa. Sisi tulishapima. Amcos iliyokopa kujenga ukuta wa ghala hakuna aliyeisogezea marejesho ya mkopo.

Mtaniuliza: basi bei imepanda kwa sababu tuna pointi? Kwa nilichokiona huku kwetu, hapana. Bei ya robusta inaongozwa na soko la London, na mnadani sijaona gunia lenye pointi likilipiwa zaidi ya lisilo nayo. Pointi inakupa ruhusa ya kuingia sokoni, haikupi nyongeza.

Tuje kwenye msitu sasa, maana hapo ndipo hesabu inaponisumbua. Watu wa Ulaya wenyewe walikadiria kwamba sheria hii, kwa bidhaa zote na dunia nzima, itaokoa angalau hekta 71,920 kwa mwaka ifikapo 2030, na kuzuia tani milioni 31.9 za hewa ukaa kila mwaka. Si kidogo. Lakini Tanzania peke yake, kwa takwimu za serikali za miaka ya 2002 hadi 2013, ilikuwa inapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Zilikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa ni kwenye mashamba ya chakula na kwenye mkaa. Mahindi hayamo kwenye ile orodha ya bidhaa saba. Ufuta haumo. Mkaa umo, kwa kuwa unahesabiwa kwenye bidhaa za mbao, lakini gunia la mkaa linalopanda fuso kwenda Dar es Salaam halipiti forodha ya Ulaya. Hata katika ukataji wa misitu unaotokana na matumizi ya Ulaya, makadirio yao yaliipa kahawa asilimia 7 tu. Mawese na soya ndiyo theluthi mbili.

Mimi siyo mpinzani wa sheria hii. Huko kwenye soya na mawese huenda itafanya kazi kweli, na mvua za hapa Karagwe zinavyobadilika badilika mnaziona wenyewe. Ila mtu akiniuliza wapi shilingi moja inaokoa miti mingi zaidi nchini kwetu, nitamwonesha mtungi wa gesi jikoni kwa mama lishe wa Dar kabla ya pointi ya GPS ya kibanja cha bibi yangu. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Ingekuwa hela ya kupima kahawa mara tatu inaweza kuhamishiwa huko!

Pamoja na hayo, sheria ipo na soko ni lao, na Ulaya wametuweka kundi la hatari ya kawaida, wakati Kenya na Rwanda wako kundi la hatari ndogo. Mnunuzi wa kahawa yetu ana makaratasi mengi zaidi ya kujaza kuliko wa kahawa yao. Kwa hiyo vijana mnaolima kibiashara, jilindeni. Akija mtu kupima, pigeni picha namba zenu kabla hajaondoka, mziangalie kama zinaanza na alama ya kutoa, na katibu abaki na nakala ya faili zima. Mwambieni wazi: bila nakala hupimi. Anayelima ardhi ya ukoo bila karatasi yoyote aanze kufuatilia hati ya kimila kijijini, maana neno "sheria za nchi" linagusa na ardhi.

La pili ni kwa wanaotaka kung'oa kahawa ya zamani iliyoliwa na mnyauko na kupanda miche mipya ya TaCRI. Sheria inasema kilimo mseto si msitu. Lakini setelaiti ikiangalia kibanja chenye mivule, mikuyu na migomba iliyosongamana, inaweza kukiona ni msitu. Ukifyeka vyote kwa mkupuo, ramani itaonesha msitu uliopotea baada ya 2020, na utaanza kujieleza. Ng'oa kwa awamu, acha miti mikubwa ya kivuli, piga picha zenye tarehe kabla na baada, na mwenyekiti wa kitongoji akuandikie barua kwamba hapo palikuwa kibanja tangu zamani.

Kuna kijana mmoja alinifuata akiwa amenunua ekari sita za mteremko, bei poa. Muuzaji alifyeka msitu wa hapo mwaka 2021. Nikamwambia kahawa ya hapo haiendi Ulaya, na akiichanganya na ya Amcos atawaponza wenzake. Akakaa kimya, halafu akaniuliza: "Na parachichi je, bwana shamba?" Nikaipitia ile orodha mara mbili. Parachichi halimo. Mvua za vuli alipanda miche yake ya Hass, na nimeshakwenda mara mbili kumsaidia kupima nafasi za mashimo.