Kiharusi si Radi kwa Mgonjwa wa Figo

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mgonjwa wa figo anapoanguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, majirani husema kuwa ameongezewa ugonjwa wa pili. Baadhi yao hunong'ona kwamba amerogwa. Ukweli ni kuwa mawingu ya mvua hiyo yalikuwa yametanda kwa muda mrefu, ila hapakutokea mtu wa kumweleza mwenyewe kwa lugha anayoielewa.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na karibu yote hurejeshwa mwilini. Zinapodhoofika, chumvi na maji hubaki, na shinikizo la damu likapanda. Shinikizo hilo nalo huzidi kuziharibu figo. Isitoshe, mizani ya madini ya kalsiamu na fosfeti huvurugika, mishipa ikakakamaa. Sumu ambazo zingetoka kwa mkojo huathiri hata chembe zinazogandisha damu. Kwa hivyo mgonjwa hukabiliwa na hatari mbili zinazopingana: damu kuganda na kuuziba mshipa wa ubongo, au mshipa kupasuka na damu kuvuja. Ndiyo sababu walio katika hatua ya tano ya maradhi haya, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine, hupatwa na kiharusi mara nyingi zaidi kuliko wenzao wenye figo zenye afya.

Taaluma yangu ni isimu, wala si udaktari. Hata hivyo, naona kwamba sehemu ya balaa hili imo katika maneno yetu. Chukua neno presha. Katika mazungumzo ya kila siku, mwenye presha ni mtu mwenye wasiwasi, anayesumbuliwa na karo, kodi au ndoa. Mgonjwa anapoambiwa ana presha, huamini kwamba akitulia moyo, amepona. Akijihisi mzima, huacha vidonge. Kumbe shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka na mikaka bila maumivu yoyote.

Chukua pia neno kupooza. Tunda lililodumaa na kudondoka kabla ya kuiva huitwa pooza. Neno hilo lataja mwisho wa mambo, halitaji chanzo. Anayesema jamaa yake "amepooza" huwa amekwisha kutoa hukumu, na hukumu hiyo humfanya asubiri hadi asubuhi, au ampeleke mgonjwa kukandwa kwanza. Ilhali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa mgonjwa anayefaa kupewa, kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Kila saa inayopotea ni sehemu ya ubongo inayokufa.

Mwaka 2015 serikali yetu ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, na mashine za kusafisha damu zikafika katika hospitali nyingi za kaunti. Hilo lilikuwa jambo la kupongezwa. Hata hivyo, mashine haizungumzi. Mgonjwa huketi kando yake kwa takriban saa nne kila anaposafishwa damu. Je, ni mara ngapi katika saa hizo yeye na jamaa zake hufunzwa dalili za kiharusi: uso kupinda, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito?

Napendekeza basi kwamba kila kliniki ya figo iwe na maelezo haya kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha za wenyeji. Mgonjwa aambiwe kipimo chake cha shinikizo la damu kwa tarakimu, na aelezwe maana yake. Aonywe dhidi ya kujinunulia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huweza kuzidhuru figo na kupandisha shinikizo hilo. Aelezwe kwamba vidonge vya shinikizo la damu haviachwi kwa sababu tu mtu amejihisi nafuu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu waweza kuanza kuzibwa kwa maneno, nayo hayahitaji kukodishwa kutoka ng'ambo.