Saa za Uswisi: Chema hujiuza, ila si bila vita

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya saa za mkononi za Uswisi, hata hivyo, yaonyesha kwamba hata chema hulazimika kupigania soko.

Pigo kuu lilitoka Japani. Mnamo Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza saa ya Astron, iliyotumia betri na kipande cha madini ya kwatzi badala ya kamani. Mwanzoni bei yake ilikaribia ya gari dogo, lakini baada ya miaka michache saa za aina hiyo zilikuwa rahisi mno, na zilipima wakati kwa usahihi kuliko zile za kutiwa ufunguo.

Waswisi waliumia. Wafanyakazi wa sekta hiyo, waliokuwa wapatao 90,000 mwaka wa 1970, walipungua hadi 30,000 na ushei katikati ya miaka ya themanini. Miji ya milima ya Jura kama vile La Chaux-de-Fonds, iliyoishi kwa ufundi huo vizazi na vizazi, ilishuhudia karakana zikifungwa.

Wokovu ulikuja kwa njia mbili. Kwanza, mnamo 1983 ilizinduliwa Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51 pekee, ambayo iliwakabili Wajapani katika soko la bei nafuu. Pili, saa ya kamani iligeuzwa kuwa pambo: mnunuzi hakuuziwa tena wakati, bali ufundi, jina na hadhi.

Lakini anasa nayo ina vita vyake. Wa kwanza kuogopwa ni mwenye kuuza mitambo ya ndani. Kwa miaka mingi kampuni nyingi ziliitegemea ETA, tawi la Swatch Group, ilhali kundi hilo lenyewe lamiliki Omega na Longines. Lilipotaka kupunguza mauzo hayo, ilibidi mamlaka ya ushindani ya Uswisi iingilie kati, na mwafaka ukapatikana mwaka wa 2013.

Wa pili ni mwenye duka, kwa kuwa ndiye amjuaye mteja. Ndiyo maana mnamo 2023 Rolex ilitangaza kuinunua Bucherer, muuzaji wake wa tangu 1924.

Aidha, kuna walaghai wa bidhaa bandia, na tangu 2015 kuna saa ya Apple, ambayo hupima hata mapigo ya moyo.

Matokeo yake ni kwamba Uswisi, iliyouza nje saa takriban milioni 28 mwaka wa 2015, iliuza chini ya milioni 17 mwaka wa 2023, ingawa mapato yalipanda kutoka faranga bilioni 21 na ushei hadi karibu bilioni 27.

Hapo ndipo penye hatari. Tajiri wachache huleta faida kubwa, lakini wakipunguza matumizi, fundi wa Jura ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.