Ujumbe Uitangulie Treni: Maisha na Usalama Kwenye Reli ya Pwani ya Sri Lanka

Reli ya Pwani ya Sri Lanka huanzia Colombo, hufuata ufuko wa magharibi wa kisiwa hicho kuelekea kusini mpaka mji wa Galle, kisha hugeukia mashariki hadi Matara, umbali unaokaribia kilomita 160, na tangu mwaka 2019 imesogezwa mbele hadi Beliatta. Katika vitongoji vya kusini mwa Colombo, kama vile Bambalapitiya, Wellawatta na Dehiwala, njia hiyo hupita baina ya mji na bahari, bila nyumba wala mti wa kuitenga na maji, kiasi kwamba majira ya pepo za kusi yanapochafua bahari, kati ya Mei na Septemba, povu la mawimbi hurukia madirisha ya mabehewa. Wataalamu wengi wa usafiri huitaja njia hii kwa uzuri wake, na sifa hiyo inastahili. Lakini kwa mwenye kutaka kuelewa maana ya usalama wa reli, thamani yake kubwa ni kwamba hapa treni, bahari na makazi ya watu vimebanana mahali pamoja, na kila hatari inayoelezwa vitabuni huonekana wazi mchana.

Reli za kisiwa hicho zilianzishwa na Waingereza walipokitawala chini ya jina la Ceylon, na treni ya kwanza ilitembea mwezi Desemba 1864, kwa kuwa wenye mashamba ya kahawa ya milimani walitaka mazao yao yateremke upesi hadi bandarini. Njia ya pwani ilijengwa baadaye, kipande kwa kipande: ilifika Panadura mwaka 1877, Galle mwaka 1894 na Matara mwaka 1895. Upana kati ya pau zake mbili ni milimita 1,676, sawa na ule wa reli kuu za India, nao ni mkubwa kuliko milimita 1,000 za reli ya zamani iliyojengwa kutoka Mombasa kwenda bara. Stesheni ya Galle ilijengwa kama mwisho wa njia, na hivyo treni iendayo Matara hulazimika kutoka ilikoingilia, kichwa cha treni kikifunguliwa na kufungwa upande wa pili, jambo ambalo abiria mgeni hushtukia pale anapojikuta amekalia kiti kinachotazama nyuma.

Mswahili wa pwani akitazama nje ya dirisha la treni hiyo angeona mengi yasiyo mageni kwake. Katika maeneo ya Wadduwa na Kalutara wagema huvuka kutoka mnazi mmoja hadi mwingine kwa kutembea juu ya kamba zilizofungwa kati ya vilele, wakikusanya tembo ambalo sehemu yake hutoneshwa kuwa pombe kali iitwayo araki. Kandokando ya mabwawa ya maji ya chumvi kusini zaidi, makumbi ya nazi huroweshwa kwa miezi mingi mpaka yalegee, kisha hupondwa na wanawake wakasokota usumba kuwa kamba, kazi ileile inayofanywa na wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja. Ufukweni huonekana chombo kiitwacho oruwa, ambacho ni ndugu wa ngalawa, tofauti yao kubwa ikiwa kwamba ngalawa ina ndubi upande wa kulia na wa kushoto ilhali oruwa ina ndubi mmoja tu. Karibu na Ahangama na Weligama kuna wavuvi wanaokaa juu ya vijiti vilivyochimbiwa ndani ya maji, ingawa siku hizi wengi wao hupata riziki zaidi kwa kupigwa picha na watalii kuliko kwa samaki.

Ndani ya mabehewa nako kuna pilika zake. Wachuuzi hupita katikati ya msongamano wakiuza bajia za dengu zilizobandikwa kamba wazima juu, karanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyokwisha kuandikwa, na vipande vya embe au nanasi vilivyonyunyiziwa chumvi na pilipili. Milango huachwa wazi, na saa za watu kwenda na kurudi kazini vijana husimama kwenye ngazi za nje wakiwa wameshika vyuma kwa mkono mmoja, mwili wote ukining'inia nje ya behewa. Desturi hiyo imezoeleka kiasi cha kutoshangaza mtu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu nguzo ya taa za ishara, ukingo wa daraja au treni inayopishana na nyingine haimwachi mtu huyo nafasi ya kujirudisha ndani.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, iko nje ya treni, nayo inatokana na watu kuifanya reli kuwa njia ya miguu. Sababu zake zinaeleweka. Tuta la reli, yaani kipando cha udongo na kokoto kinachobeba mataruma na pau, ni kavu wakati wa mvua, halina magari, limenyooka, na mara nyingi ndilo njia fupi kuliko zote kutoka nyumbani hadi stesheni, sokoni au ufukweni. Wanaoishi upande wa bahari hawana budi kulivuka kila siku, na wavuvi huanika nyavu zao kando yake. Sheria za reli za nchi hiyo zinakataza kutembea njiani, lakini katazo lisiloambatana na njia nyingine ya kupita huwa gumu kufuatwa, na ingekuwa si haki kumlaumu mtembea kwa miguu peke yake pale ambapo mji haukumjengea kivuko.

Anachopaswa kuelewa mtembezi huyo ni jinsi treni inavyosimama. Gurudumu la chuma juu ya pau ya chuma halishiki kama tairi la mpira juu ya lami, na ulaini huohuo unaoiwezesha treni kuvuta mamia ya tani kwa mafuta machache ndio unaoifanya ishindwe kusimama upesi. Treni inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde, na dereva akifunga breki zote kwa mara moja bado chombo chake kitaendelea kuteleza kwa mamia ya mita kabla ya kutulia. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka takriban mara nne. Dereva hawezi kukwepa kushoto wala kulia. Kwa hiyo mtu anapotokea ghafla penye kona, mara nyingi dereva humwona akiwa yeye mwenyewe amekwisha kuchelewa kusimama, na kilichobaki mikononi mwake ni honi pekee.

Kwenye reli ya pwani honi yenyewe hushindana na bahari. Mvumo wa mawimbi na upepo huufunika mngurumo wa injini, na zaidi ya hapo sauti ya treni huwa hafifu kwa aliye mbele yake kuliko kwa aliye ubavuni, ndiyo maana watu waliosimama kati ya pau kwa ajili ya kupiga picha ya machweo, au waliojifunika masikio kwa vipokea sauti vya simu, wamekuwa wakigongwa bila hata kugeuka. Penye njia mbili sambamba kuna mtego mwingine, kwani mtu hupisha treni moja, kisha huingia njia ya pili bila kujua kwamba nyingine inakuja kutoka upande wa pili, huku sauti yake ikiwa imemezwa na ile ya kwanza.

Kutokana na maumbile hayo, usalama wa reli umejengwa tangu karne ya 19 juu ya kanuni moja, kwamba ujumbe sharti uitangulie treni. Mfano bora ni mfumo wa kibao, ambao umetumika Sri Lanka kwa zaidi ya karne moja kwenye vipande vyenye njia moja inayotumiwa na treni za kwenda na za kurudi. Kibao ni kisahani kilichoandikwa jina la kipande fulani cha njia, na vibao vya kipande hicho hukaa ndani ya mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme katika stesheni za ncha zote mbili. Mkuu wa stesheni hawezi kutoa hata kimoja mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele akubali kwa kugonga kengele, na kikishatoka kimoja mashine zote mbili hujifunga. Dereva hukabidhiwa kibao hicho kikiwa ndani ya mfuko wenye pete kubwa, na bila kukishika mkononi haruhusiwi kuingia. Hakuna treni mbili zinazoweza kupewa ruhusa ya kipande kimoja, na uzuri wa mfumo huu ni kwamba hautegemei kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Kwenye vivuko, yaani mahali barabara inapokatiza juu ya reli, kanuni ni hiyohiyo, kwani geti, kengele na taa nyekundu ni ujumbe unaofika kabla ya treni. Ujumbe huo hauna maana kwa dereva wa gari anayeona geti likishuka akaamua kupita pembeni. Tarehe 27 Aprili 2005, karibu na Polgahawela, kwenye njia nyingine inayotoka Colombo kwenda bara, basi lilijaribu kuiwahi treni penye kivuko, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Kanuni hiyo ilivunjika kwa namna ya kutisha kuliko zote asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa Jumapili, na pia siku ya mwezi mpevu, ambayo kwa Wabudha wa Sri Lanka ni sikukuu, hivyo treni namba 50 iendayo Matara ilikuwa imejaa familia zilizokwenda kutembelea jamaa. Iliondoka Colombo mnamo saa 12:50 asubuhi. Dakika chache baadaye, saa 12:58 kwa saa za Sri Lanka wakati huo, chini ya bahari karibu na Sumatra lilitokea tetemeko la kipimo cha 9.1 lililoinua sakafu ya bahari na kusukuma tsunami, yaani mawimbi marefu yanayokwenda kwa kasi ya ndege penye kina kirefu na kupanda juu yanapokaribia nchi kavu. Treni na mawimbi vilisafiri kwa wakati mmoja kwa takriban saa mbili na nusu, na katika muda wote huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wowote wa kuwaonya watu wake.

Habari za maji kupanda zilipofika kwa wasimamizi wa mwendo wa treni, walifaulu kusimamisha treni nyingine kadhaa za njia hiyo. Walijaribu kuizuia namba 50 katika stesheni ya Ambalangoda, lakini watumishi wa stesheni walikuwa wakiihudumia treni hiyohiyo, na simu ilipopokelewa ilikuwa imekwisha kuondoka. Katika kijiji cha Peraliya, mahali ambapo reli iko takriban mita 200 kutoka baharini, wimbi la kwanza liliizunguka na kuisimamisha. Wanakijiji walikimbilia kwenye mabehewa, wengine wakapanda juu ya mapaa na wengine wakajikinga nyuma yake, kwa kuwa chombo kizito kama hicho kilionekana kuwa ngome. Wimbi lililofuata liliyang'oa mabehewa manane na kichwa chake chenye uzito unaokaribia tani 80. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 1,700, na hakuna ajali ya reli inayojulikana iliyoua watu wengi zaidi ya hao.

Wanasayansi walioikagua pwani hiyo baadaye walionyesha kwamba huko Hikkaduwa, kilomita chache tu kutoka Peraliya, ambako miamba ya matumbawe ilikuwa imehifadhiwa, maji yaliingia nchi kavu kwa makumi ya mita, ilhali Peraliya, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa ili kuchomwa chokaa, yaliingia zaidi ya kilomita moja. Mawimbi hayohayo yalifika Somalia yakaua mamia ya watu, yakafika na pwani ya Tanzania na Kenya, ambako vifo vilikuwa vichache, hasa kwa sababu ya umbali. Nchini Kenya habari zilitangulia, na watu wakaondolewa ufukweni.

Reli ilijengwa upya na treni zikarudi kabla ya miezi mitatu kupita. Mwaka 2006 mfumo wa kutahadharisha tsunami katika Bahari ya Hindi ulianza kazi chini ya uratibu wa UNESCO, ukiunganisha vipima matetemeko na vyombo vya kupima maji na ofisi za taifa zilizopewa jukumu la kutangaza hatari. Kichwa kilichokuwa kikiivuta treni hiyo ya Peraliya, chenye namba 591 na kiitwacho Manitoba kwa jina la jimbo la Kanada, nchi iliyokitoa kama msaada, kilifufuliwa na mafundi wa reli, na katika kumbukumbu za kila tarehe 26 Desemba kimekuwa kikiongoza treni kutoka Colombo hadi Peraliya, ambako mnamo saa 3:25 asubuhi jamaa wa marehemu husimama kimya kando ya njia, watawa wakiwaombea waliokufa, na treni hubaki imetulia mahali pale ilipokumbwa.